Rafu Yenye Meno

Machi 3
Mvua imeanza leo, na mama mkwe ameanza nayo. Amefika saa nne asubuhi na masanduku mawili, kalowa bega moja tu, maana mwavuli wote alijifunika yeye, na mume wangu aliyembebea mizigo akaingia kama kuku aliyeopolewa kisimani. Paa la nyumba yake linavuja. "Wiki tatu tu," kasema, "mpaka fundi wa bati apatikane." Nimempa chumba cha mabinti, ambao wote wameshaolewa. Nimemkaribisha kwa moyo, Mungu shahidi, ila moyo wenyewe ulikuwa mdogo kama kisoda cha chupa.

Machi 4
Bosi wetu, tunayemwita Rula kwa sababu hawezi kumsalimia mtu bila kumpima kwa macho, ametupa oda ya makabati sitini ya bafuni kwa ajili ya nyumba za kupanga. Mwenye nyumba anataka rafu za kupandishwa na kushushwa. "Mmoja ana chupa ndefu za shampuu, mwingine ana vikopo vya mafuta," Rula kasema. "Rafu imfuate mtu, siyo mtu aifuate rafu."

Sisi tumezoea kutoboa matundu ubavuni na kuchomeka vipini vya chuma vya kubeba rafu. Nikasema bafuni chuma kitashika kutu, na mbao ikivimba kwa mvuke kipini hakitoki mpaka ukipigie magoti. Rula akanitazama juu ya miwani. "Haya, wewe mwenye mdomo, lete dawa yake."

Miaka kumi na tisa napiga msasa na kutoboa kwenye karakana hii. Sijawahi kuombwa kichwa, naombwa mikono tu. Nimerudi nyumbani nikiwa nacheka peke yangu barabarani.

Machi 6
Mvua. Mama mkwe kasema nanuka gundi kama bahasha.

Machi 9
Nimeipata! Msumeno ulikuwa umelala mezani, meno yametazama juu, na mimi nakunywa chai naukodolea macho tu. Vipande vinne vya mbao vyenye meno kama yale, kimoja kila pembe ya kabati. Kati ya jino na jino unakalisha kijiti, kushoto kimoja, kulia kimoja, na rafu inalala juu ya vijiti. Hakuna chuma wala bisibisi. Unainua rafu, unahamisha vijiti jino moja, unairudisha. Jino hadi jino sentimita mbili.

Sponji, fundi wetu wa vanishi, akaijaribu mara tatu. "Haina hata kelele," kasema. "Ukiwa mwizi, hii ndiyo rafu yako."

Rula kapima, kapima tena. Kisha kasema kabati lisilopigwa mvuke halijajaribiwa: nibebe moja nikalifunge bafuni kwangu, likae msimu mzima wa mvua. Likivimba, hakuna kitu. Lisipovimba, tunachonga sitini.

Machi 10
Mume wangu kalifunga ukutani asubuhi. Kufika jioni, mama mkwe ameshahamia ndani yake. "Rafu ya juu ni yangu. Kwetu sisi ni watu warefu, milango ndiyo inayotuogopa."

Ni kweli ni mrefu, na anajua kujibeba. Macho tu ndiyo yamemwangusha. Mtoto wa jicho amemfunika yote mawili, haoni zaidi ya kivuli. Vitu vyake anavijua kwa kupapasa: kitana, mafuta ya mgongo, kopo la dawa za presha. Rafu hiyo tumeiweka mahali mkono wake unafika bila kuinua kisigino. Vyangu nimevikuta chini, ndani ya ndoo ya matambara.

"Mama, hata mswaki wangu?"

"Kwani mswaki wako una cheo gani?"

Mume wangu akacheka. Mtu huyu hajawahi kufungua kabati lolote la nyumba yake bila kuuliza kitu kiko wapi, lakini kucheka anajua.

Machi 14
Nimemsamehe. Nimesali na nimemsamehe. Mbao haijavimba.

Machi 17
Leo karakana nzima tumelia kwa kicheko. Kumbe tangu wiki iliyopita Sponji ameipandisha rafu ya vifaa vya Rula, ile ya majaribio yenye meno, jino moja kila siku, na Rula kila siku ananyoosha mkono zaidi. Leo kafika kwenye ncha za vidole vya miguu, halafu kamwuliza Sponji kwa sauti ya chini kabisa, "Hivi mtu huanza kupungua akiwa na miaka mingapi?" Sponji akakimbilia nje kwenye mvua kwenda kuchekea huko. Rula alipoambiwa alitukana, kisha akacheka mwenyewe. Lakini kwa muda mfupi, kabla hajajua, niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa makaburini.

Machi 18
Mwenzangu daftari, nitakuambia kama ilivyo.

Mama yangu alifariki mwaka jana mwezi kama huu. Nilibaki na taulo lake moja la kijani. Silitumii. Limekaa limekunjwa, na siku nikizidiwa nalinusa basi. Leo nimerudi nikalikuta mlangoni mwa bafu, limetandazwa sakafuni, lina matope ya nyayo.

"Mama, hili taulo ni la marehemu mama."

"Ndiyo maana limechakaa," kasema, huku anajifutia mguu wa pili. "Limechoka kama mwenyewe. Nilimwona kwenye harusi ya binti yenu, nikasema huyu hafiki mbali."

Mume wangu alikuwa sebuleni na alisikia. Akapandisha sauti ya redio.

Nililifua. Nililianika ndani maana nje mvua. Halafu nikaingia bafuni, nikapanda kigoda, nikainua rafu ya juu, nikahamisha vijiti jino moja juu, nikairudisha, na kitana na mafuta na dawa nikavipanga vilevile. Sponji alisema kweli, haina kelele.

Ninajua ni dhambi. Nimeandika ili isije ikasemwa kwamba sikujua.

Machi 21
Jino la pili.

Machi 24
Mvua. Mama mkwe kauliza kama nyumba yetu imejengwa kwenye tope. "Naona inazama upande wa bafuni."

"Nyumba iko palepale, Mama."

Machi 26
Jino la tatu. Nilisali kwanza. Sijui nilikuwa naomba nini.

Aprili 1
Leo nilisimama nje ya mlango wa bafu nikamsikia. Kucha zinakwaruza ukingo wa rafu. Kimya. Kucha tena. Halafu pumzi ya mtu anayesimama kwa ncha za vidole vya miguu. Kopo la mafuta likaanguka. Alipotoka kasema, "Mmeliweka juu sana kabati lenu," na mume wangu akamjibu, "Mama, kabati sijaligusa tangu nilifunge. Wewe mwenyewe ulifurahi."

Akanyamaza. Mama mkwe, akanyamaza! Nililala usingizi mtamu ambao sijaupata tangu Machi.

Aprili 5
Jino la nne. Rula kapita kulikagua kabati, kapapasa kila pembe. "Halijavimba hata unywele," kasema. "Hatungoji mvua iishe. Tuanze kuchonga, fundi!" Ameniita fundi.

Aprili 10
Jino la tano.

Aprili 13
Hajanitania siku nne. Anatembea akishika ukuta. Na jambo linalonitisha, mwenzangu, ni hili: ameanza kuinama. Rafu nimeipandisha mimi, lakini mgongo sijaugusa. Yeye ameamini anapungua, na mwili umetii. Nguo zake zinaburuta. Mume wangu kaniambia jikoni, "Mama kazeeka ghafla. Fundi wa bati kashamaliza paa, lakini hawezi tena kukaa peke yake. Nitampeleka kwa kaka, kule kuna nafasi."

Hicho ndicho nilichokitaka, kimekuja kwa miguu yake. Nikasema, "Wewe ndiye mtoto wake, wewe unajua."

Aprili 14
Jino la sita. La mwisho, nikajiambia.

Aprili 16
Alinifuata jikoni. Nilikuwa namenya viazi. Akasimama nyuma yangu.

"Nishike mabega," kasema.

"Mama?"

"Nishike, uninyooshe. Wewe una mikono ya kazi. Labda nimekaa vibaya tu."

Nikafuta mikono, nikamshika. Mifupa ya ndege, na huyu ndiye niliyekuwa namwogopa. Nikamvuta mabega nyuma, akajaribu, akarudi kuinama.

"Nimefika chini ya masikio yako," kasema. Hakuwa amefika. Bado ananipita kichwa kizima. "Wakinipeleka kwa mwanangu mkubwa sitatoka. Mkewe akienda sokoni ananifungia chumbani na ndoo. Mwaka juzi nilifungiwa tangu asubuhi mpaka jua lilipozama, nikajikojolea. Sikumwambia mtu. Mtu mrefu kama mimi ningeanzaje?"

Halafu kasema neno ambalo halijatoka mdomoni mwake miaka ishirini na sita: "Mkwe wangu. Niombee."

Nikamwombea. Nilimwekea mikono mgongoni palepale kwenye maganda ya viazi, nikaomba mpaka nikatokwa machozi, na yeye akasema amina kwa kila nukta. Hakuna ombi nililowahi kuomba kwa moyo kama lile. Na hakuna lililokuwa chafu kama lile, maana dawa ilikuwa hatua kumi kutoka pale tuliposimama, na niliyeificha ni mimi.

Aprili 17
Nimeshusha jino moja.

Ningeweza kumwambia. Nilikaa kitandani nikayapanga maneno kama mtu anayepanga mbao. Kila nilivyoyapanga yaliishia na mimi kufukuzwa. Nikaona bora nishushe kimya kimya, kidogo kidogo, Mungu anione, na mama mkwe asione. Kila jioni namwombea pia, kwa mikono mgongoni. Ananisubiri kitini.

Aprili 21
Jino la pili chini. Mvua kubwa, barabara ya karakana imekatika. Tumechonga makabati tisa.

Aprili 25
La tatu. Kafika kwenye kopo bila kukwaruza. Hakusema kitu, ila alitoka bafuni akiwa ameweka mkono kifuani.

Aprili 28
La nne. Anatembea bila ukuta. Kamwambia mwanawe, "Hiyo safari ya kwa kaka yako, iahirishe." Mume wangu kanitazama kama vile nimeokoa mtu mtoni. Nimeona aibu mpaka nikaenda kufua nguo zilizo safi.

Mei 2
La tano. Kaimba asubuhi. Kaniambia chai yangu haina sukari, eti nilifundishwa kupika na wagonjwa. Nimefurahi kutukanwa, nakwambia kweli.

Mei 6
Jino la sita. Rafu imerudi palepale ilipokuwa tarehe kumi Machi. Nikapiga magoti pale kwenye vigae, nikasema yameisha.

Mei 11
Hayajaisha.

Leo akina mama wa maombi walikuja. Kumi na wawili, miavuli yote mlangoni. Mama mkwe akasimama katikati ya sebule, wima kama mlingoti, akatoa ushuhuda. Alikuwa amepungua, kasema, Mungu alikuwa anamkunja kama barua. Mkono wake ulikuwa haufiki rafu. Ndipo mkwe wake huyu hapa, mwanamke wa vumbi aliyemdharau miaka yote, akamwekea mikono kila jioni, na kila wiki Mungu akamrudishia kipande. "Njooni muone!" Akawapeleka bafuni, wote kumi na wawili wakajibana mlangoni, akanyoosha mkono, akashika kopo. Wakapiga vigelegele. Mmoja alianguka kwa kulia.

Walinishika mikono, wakaigeuza, wakaitazama. Ina makovu ya msumeno na gundi kwenye kucha.

Sponji kasikia kwa dada yake. "Naambiwa umepandishwa cheo," kasema kazini. "Ukiwa unaombea, niombee na mimi nirefuke, nimechoka kupaka kabati nikiwa nimesimama juu ya debe." Nikamtupia tambara. Akacheka, mimi nikashindwa.

Mei 15
Nimefungua kopo la dawa za presha ili nijue kama zimekaribia kwisha. Limejaa kama nilivyolijaza tarehe kumi na moja. Tangu ushuhuda hajameza hata kidonge.

Nilimkuta chumbani anajipaka mafuta. "Mama, dawa?"

"Mtu aliyeponywa anakunywa dawa ya nini? Unataka Mungu aone nimeweka akiba?"

"Mama, presha siyo kimo."

"Aliyeweza hiki anashindwa na kile?" Uso wake ulikuwa mwekundu na jicho moja linachezacheza.

Basi nikasema. Sikupanga maneno kama mbao tena. Nikamshika mkono nikamwingiza bafuni, nikaushika mkono wake nikauweka kwenye rafu. Nikapanda kigoda, nikainua, nikahamisha vijiti meno sita juu, nikairudisha. "Nyoosha, Mama." Haukufika. Nikashusha. "Nyoosha." Ukafika. Nikapandisha. Haukufika. Nilifanya hivyo mara nne, sikusema neno lingine. Mara ya tano mwenyewe aliniondolea mkono, akavishika vijiti, akayapapasa meno, moja moja, mpaka juu.

Nilingoja kofi. Nililitamani.

"Kwa sababu ya taulo?" kauliza.

"Kwa sababu ya taulo."

Akacheka kidogo, kupitia puani. "Ningefanya vibaya zaidi." Halafu akakaa ukingoni mwa beseni. "Sasa sikiliza. Wanawake kumi na wawili wamelia kwa ajili yangu. Sijawahi kuliliwa na mtu mmoja. Sitakuwa kichekesho chao. Utanyamaza. Dawa nitameza, kwa siri, kutoka kiganjani mwako, asubuhi na jioni. Mbele za watu wewe ni mkwe wangu mtakatifu. Ukifungua mdomo namwambia mwanangu kila kitu, tuone kama atachagua mke au mama."

"Na huko kwa shemeji?"

"Huko siendi tena. Nakaa hapa. Si umenirefusha?"

Nimenyamaza. Nilimpa vidonge viwili. Alivimeza bila maji, akinitazama kwa macho yasiyoona.

Mei 18
Vidonge asubuhi, vidonge jioni. Mbele ya watu ananiita mwanangu. Tukiwa wawili haniiti kabisa.

Mei 22
Makabati sitini yamekwisha. Rula kapiga picha na mimi. Mvua inapungua.

Mei 30
Leo kaja mshona nguo wa mtaa wa pili. Mwanamke wa umri wangu, mgongo umepinda mpaka anakuangalia kwa pembeni kama anachungulia chini ya mlango. Mume wangu alikuwepo, anasoma gazeti. Mama mkwe akamkaribisha kwa sauti ya kimalkia: "Ingia, mwanangu. Mkwe wangu atakuwekea mikono."

Nikamwuliza ugonjwa wake una dawa gani.

"Ulikuwa na sindano," kasema, akitabasamu. "Daktari alisema umeingia mfupani, nikikatiza utapanda mpaka kwenye shingo. Lakini nilivyosikia ushuhuda nikaacha. Leo siku ya kumi na moja. Siyo kwa kubahatisha, dada, kwa imani."

Akanigeuzia mgongo, tayari.

Nilikwenda bafuni nikaing'oa rafu na vijiti vyake. Kitana, mafuta, kopo, vyote vikamwagika. Nikaja navyo sebuleni nikasimulia, tangu taulo mpaka jino la sita, mbele ya mume wangu, mbele ya mama yake. Sikujibakiza.

"Msimsikilize," mama mkwe kasema, taratibu. "Huyu hajawahi kunipenda."

Na hilo ni kweli.

Mshona nguo akanigeukia. Halafu kaniambia, "Siku kumi na moja nimeamka na furaha. Ulishindwa nini kuniachia ya kumi na mbili?" Akajiburuta mpaka kwa mama mkwe, akachukua ile mikono mirefu, akaiweka mwenyewe mgongoni pake. "Niombee wewe, Mama. Wewe ndiye uliyepona."

Na mama mkwe akaomba. Alijua, na aliomba, kwa sauti nzuri yenye kutetemeka, tena ndefu. Mshona nguo akajikaza. Nilisikia kitu kikilia ndani ya mifupa yake. Jasho likamtoka, akauma mdomo, akabaki vilevile.

"Nimenyooka?" Akaniuliza mimi, maana mama mkwe haoni.

"Hapana, dada. Kesho nakuja nikupeleke ukachome sindano."

Akanitemea mate miguuni, akatoka.

Mume wangu aliichukua rafu mikononi mwangu. Akairudisha bafuni, akahesabu meno kwa kidole, akaiacha kwenye kimo cha mama yake. Alipopita mlangoni kasema, "Sijui ni nani amekuwa akinipikia miaka yote hii." Kaenda kulala kwa kaka yake.

Mei 31
Hakuna mvua. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mshona nguo, tangu saa mbili asubuhi. Kafungua mlango mara moja tu, kunimwagia maji ya vyombo. Nilimwambia zahanati inafunga saa kumi. Akasema hata ikifungwa milele. Nikasema sawa, nitakaa. Majirani wanapita, wananisalimia kwa heshima, wengine wanainamisha vichwa ili niwaguse, nami nawaambia hapana, hapana, mimi siyo. Wanasema ni unyenyekevu.

Ndani cherehani inakwenda, inasimama. Inakwenda, inasimama. Kila ikisimama nagonga.

Sasa ni saa nane.